Nilivyovunja shingo ya aini saba Kisumu Ndogo

Ililia "tak" tu. Nilidhani chuma kikikatika kitapiga kelele ya kuamsha mtaa, kumbe ni kama kijiti kikavu cha mwarobaini. Nikajikuta nimeshika shafti mkononi kama mzee na bakora yake, na kichwa cha aini saba, mojawapo ya fimbo zangu za gofu za chuma, kimebaki kwenye jiliwa la mhunzi. Mzee hakusema kitu. Alilegeza jiliwa, akakitoa kichwa, akakielekeza juani na kunionyesha pale kilipokatikia.

"Tazama, mwanangu. Sukari."

Kweli, palikuwa na chembechembe za kumetameta, na katikati yake kitundu cheusi, kidogo kama kichwa cha pini. Aini ile pamoja na wenzake saba zilinigharimu shilingi 34,000. Zilikuwa na siku kumi na moja tangu zifike Malindi.

Naandika haya kwa sababu katika miaka mitatu nimetoa zaidi ya shilingi laki moja kutafuta fimbo za gofu za chuma kilichofuliwa, na sehemu kubwa ya hela hizo ilikuwa ada ya ujinga. Nawaona wadogo zangu waliotoka kwenye ukedi, kubeba mifuko ya gofu, kama mimi wakielekea huko huko. Angalau wajue nilipojikwaa.

Nilianza kubeba mifuko ya wachezaji nikiwa darasa la nane, likizo kwa likizo. Siku hizi ni fundi wa umeme, nafunga nyaya kwenye majumba ya wageni, na Jumamosi nacheza. Mfuko wangu wa kwanza ulikuwa na fimbo tisa za kampuni sita, zote za kuachiwa: huyu kaenda zake Ulaya, yule kanunua mpya, mwingine kamkasirikia fimbo yake na kuitupa kichakani. Kedi hachagui. Nikashuka hadi handikapu ya 17 (kipimo cha mchezaji, kikiwa kidogo ndiyo bora) na mchanganyiko ule ule, na sikujua kama kuna kitu kinachonipungukia.

Nilikijua asubuhi moja ya kusi, upepo unavuma kutoka baharini. Mtaliano mmoja mzee, mkaazi wa siku nyingi hapa mjini, aliniambia nipige mpira mmoja kwa aini sita yake ya Mizuno, kampuni ya Kijapani, kichwa kimechakaa hadi kinang'aa kama sarafu iliyopita mikono mingi. Nikapiga. Mpira uliondoka na mkono haukuambiwa. Kwa fimbo zangu nilizoea kile kitetemeko kinachopanda hadi kwenye kiwiko. Hapa palikuwa na mlio mfupi, mzito kidogo, kama kisu kikipita kwenye papai lililoiva, basi. Nikamuuliza ina nini hii. Akasema, kwa Kiswahili chake cha soko la samaki, "Hii wamepiga nyundo. Yako wamemwaga."

Sikulala vizuri wiki ile. Mwenye kupenda chombo ananielewa.

Kosa la kwanza lilikuwa haraka. Nilimpata muuzaji mtandaoni, picha safi, seti nzima kuanzia aini tatu hadi wedji, ile fupi ya mwisho, na shingoni mwa kila kichwa limechorwa neno la Kiingereza Forged, yaani ya kufuliwa. Sikuuliza ni chuma gani. Sikuuliza imetengenezwa mwaka gani. Sikumuomba hata apige picha ya namba za utambulisho zilizochongwa shingoni. Nilituma hela kwa M-Pesa kabla ya kuuona mzigo, kitendo ambacho ningemkemea mdogo wangu kama angekifanya kwa kununua simu.

Fimbo zilipofika zilikuwa zinapendeza kweli. Tatizo likaonekana uwanjani: kila mpira ulikata kushoto. Mimi ni mfupi, futi tano na inchi nne, na mikono yangu inashuka karibu na ardhi. Fimbo ya kiwandani imetengenezewa mtu mrefu kuliko mimi, kwa hiyo nikiisimamisha, ncha ya kichwa inaelea hewani na kisigino ndicho kinachogusa majani. Kichwa kikikaa hivyo, uso wake unaelekea kushoto hata kama wewe unadhani umelenga bendera.

Kuna njia rahisi ya kujipima, na haina gharama. Chukua kalamu ya wino mzito, chora mstari wima nyuma ya mpira, uuweke ili mstari uuangalie uso wa fimbo, kisha piga. Wino utajichapa usoni. Mstari ukisimama wima, shingo iko sawa na mwili wako. Kichwa cha mstari kikilalia upande wa ncha, kama ulivyolala wangu, shingo imesimama mno na inafaa ilazwe. Kikilalia upande wa kisigino, kinyume chake.

Nilikuwa nimesoma kwamba chuma kilichofuliwa hukubali kukunjwa shingo digrii mbili au tatu bila tabu. Mashine ya kazi hiyo hapa Malindi sikuipata. Mhunzi yupo. Nikachukua tuktuk kutoka Barani, nikaenda mtaa wa Kisumu Ndogo kwa mzee anayefua majembe, mapanga na mikuki ya wavuvi, ambaye zamani alimfulia marehemu baba yangu tindo za kuchongea mawe.

Aliishika fimbo, akaipima kwa mkono, akaigonga kwa kucha na kuitegea sikio.

"Hii imefuliwa au imesubiwa?"

"Imefuliwa, Babu. Imeandikwa hapa."

"Mimi sijui kusoma Kizungu. Nakuuliza wewe."

"Imefuliwa."

Alitaka kwanza kuipasha moto, na hapo angalau nilikuwa na akili ya kukataa. Shafti imeshikwa ndani ya shingo kwa gundi, na gundi ile ikipata moto inalegea. Kromu nayo inababuka. Shingo ya fimbo hukunjwa baridi. Kwa hiyo alikifunga kichwa kwenye jiliwa, akakizungushia gunia, akapachika bomba kwenye shingo ili apate nguvu, akavuta taratibu. Mimi nikamwambia aongeze kidogo. Yeye akasema hapana, chuma hiki kina kiburi. Nikamwambia aongeze.

Tak.

Sitamlaumu mzee hata siku moja. Fimbo nyingine saba nilizikata baadaye mimi mwenyewe kwa kisagio cha fundi wa madirisha, moja baada ya nyingine, kwa hasira tu na ili nione. Nne zilikuwa na vitundu ndani. Fimbo za kughushi; hazikuwahi kuonja nyundo.

Babu alinikalisha kwenye kigoda, akaniletea kahawa tungu na kunieleza kazi yake, ambayo miaka yote nilikuwa nikipita mlangoni bila kuitazama. Kwetu Pwani tunafua nguo, tunafua nazi, tunafua chuma, na zote ni kazi za kupiga na kuumiza mkono. Kusubu ni jambo jingine. Unayeyusha, unamimina kwenye kalibu, unasubiri kipoe. Mama yangu anauza vitumbua na mahamri asubuhi, na mzee anamjua, basi akachukua mfano wa jikoni kwetu. Kitumbua ni uji unaomwagwa kwenye chuma chenye mashimo. Umbo linatoka lenyewe, na ukikipasua unakuta matundu ya hewa. Hamri ni unga uliokandwa. Ukivuta donge lake linavutika kabla ya kukatika, kwa sababu mikono imelifanyia kazi.

"Ukiona kitumbua kinavutika," akasema, "nijie unipe habari."

Kisha akachukua msumari wa inchi sita, akaupinda hadi ncha ikagusa kichwa, akaunyoosha tena. Haukukatika. Akachukua kipande cha mfuniko wa mtaro, akakigonga mara moja kwenye fuawe. Vipande viwili, vyote sukari.

Na tukumbuke tunaongelea Malindi. Al-Idrisi, mwanajiografia wa karne ya 12, aliandika kwamba watu wa Malindi walichimba chuma na kwamba biashara hiyo ndiyo iliyowapa faida kubwa. Sasa mimi mjukuu wa mji huo natuma M-Pesa kwa mtu nisiyemjua ili anifundishe maana ya chuma.

Baada ya siku ile niliacha kununua, nikaanza kusoma. Ilinichukua miezi minane, muda ambao pia nilihitaji kujaza mfuko.

Kazi ya kufua kichwa cha aini huanza na ufito wa chuma wa mviringo, unene wake kama dole gumba la mtu wa jembe. Ni chuma laini, chenye kaboni kidogo. Namba utakayoikuta mara nyingi ni 1020 au 1025, na tarakimu mbili za mwisho ndizo zinazotaja kaboni: kama asilimia 0.20 au 0.25. Wajapani huandika S20C na S25C, maana yake ni ile ile. Ufito unatiwa tanuri hadi ufike kama nyuzijoto 1,200 za Selsiasi, rangi ya embe dodo, kisha upande mmoja unavutwa uwe shingo, unapindwa, unalazwa kati ya kalibu mbili za chuma kigumu, na nyundo ya mashine inashuka. Chuma kinachofurika pembeni kinakatwa kama unga uliozidi ukingoni mwa kibao. Unarudi motoni, unapigwa tena, safari hii kwa kalibu yenye vipimo vya karibu zaidi.

Hapo bado si fimbo. Shingo inatobolewa mahali pa kuingia shafti. Kichwa kinasagwa kwenye mkanda wa msasa na mtu anayekishika kwa mikono miwili na kukitazama kwa jicho, huku akirudi kwenye mizani mara kwa mara. Kichwa cha aini saba huwa kama gramu 270, na ukienda nane, tisa, kila kimoja kinazidi mwenzake kwa gramu saba hivi, kwa kuwa shafti inazidi kufupika na mkono unataka uhisi uzito ule ule. Michirizi ya usoni inachongwa au kugandamizwa. Mwisho kinavikwa ngozi nyembamba ya nikeli na kromu, wengine wakitanguliza shaba chini yake.

Kilichonishangaza ni kwamba wenzetu hawa nao walianza na wahunzi wa mtaani. Ichikawa ni mji mdogo katika mkoa wa Hyogo, Japani, si mbali na Himeji, eneo lenye mafundi wa chuma tangu enzi za panga za askari wa jadi. Huko ndiko aini za kwanza za Kijapani zilikofuliwa, mnamo 1930 hivi, na hadi leo karakana zipo. Mizuno hufulia zake Hiroshima, katika kiwanda cha kampuni iitwayo Chuo walichoshirikiana nacho tangu 1968, na wanatoa kichwa na shingo katika ufito mmoja usiokatwa. Jambo hilo lina maana. Chuma kina nyuzi kama ubao wa mvule, na ukikipiga vizuri nyuzi zinapinda pamoja na umbo, zinatoka shingoni na kuingia usoni bila kukatika. Viwanda vingine hufua uso peke yake na kuuchomelea shingo baadaye. Pia siku hizi kuna fimbo ambazo neno kufuliwa linahusu uso tu, mwili uliobaki umesubiwa. Si wizi, ni aina tofauti, lakini muulize muuzaji: kilichofuliwa ni nini hasa? Akishindwa kujibu, hela yako ibaki mfukoni.

Nisiwadhulumu waliosubu. Karsten Solheim, mhandisi mzaliwa wa Norway aliyehamia Marekani na kuanzisha Ping, kampuni ya fimbo za gofu, aliona kwamba chuma kikiyeyushwa kinaweza kuwekwa popote unapotaka uzito uende. Unatengeneza kichwa cha nta, unakivika udongo wa kauri, nta inayeyushwa inatoka, chuma cha pua kinaingia mahali pake. Akachimba mgongo wa fimbo na kusukuma uzito pembeni, ili mpira uliogongwa vibaya usipotee sana. Ping Eye 2 ya 1982 iliuzwa kupita kiasi kwa sababu hiyo. Chuma chao, kinachoitwa 17-4 kwa kuwa kina kromiamu asilimia 17 na nikeli asilimia 4 hivi, ni kigumu zaidi, na mafundi wenye mashine yao hukikunja shingo kidogo bila balaa. Yangu ilikatika kwa sababu ilikuwa takataka. Tofauti iliyopo kati ya njia hizi mbili ni kwamba chuma laini kinakuruhusu ukosee na urudie. Kile kigumu hakina subira hiyo.

Basi nikanunua tena. Mara hii nilipata seti ya Mizuno iliyotumika, kutoka Uingereza, aini nne hadi wedji, 48,000. Nililinganisha namba za shingoni na kumwandikia mtengenezaji kuuliza. Nilidai picha ya kichwa kikiwa kwenye mizani ya jikoni. Kila kitu kilikuwa halali. Nilichosahau ni kwamba bei ya mtandaoni si bei ya Malindi: usafirishaji, ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 16 na ada nyingine ndogo ndogo vilinilamba 17,500. Ukipiga hesabu ya fimbo za nje, piga hadi mlangoni kwako, halafu ongeza kidogo cha kulia.

Hapo nikaangukia kosa la pili, na hili liliniuma kuliko la kwanza kwa sababu fimbo zilikuwa za kweli.

Nilinunua zile zenye mgongo uliojaa, nyembamba kama kisu, wanazopiga mabingwa. Zilikuwa nzuri mno. Nikiziweka nyuma ya mpira, ule ukingo wa juu ulikuwa mstari tu, na moyo wangu ulitulia. Lakini eneo la kupigia vizuri ni dogo. Mpira ukigusa nusu inchi pembeni, unapoteza mita kumi na tano na mikono inaambiwa yote, kwa mapana na marefu. Wanaozipenda husema hiyo ndiyo faida, fimbo inakusomea makosa yako. Ni kweli kwa mtu anayekosea mara tatu kwa raundi. Mimi nakosea mara thelathini. Nilikuwa nasomewa juzuu nzima. Miezi mitano handikapu ikapanda kutoka 17 hadi 21. Rafiki yangu tuliyekuwa makedi pamoja alinitazama kwenye shimo la tano, nikiwa nimetia mpira wa tatu porini, akasema, "Ndugu yangu, umevaa kanzu ya harusi kwenda kulima."

Kulikuwa na jambo la ulaini pia, nami nitalisema ingawa najua litawakera baadhi ya wenzangu. Siku moja tuliamua kujaribu. Tukachukua fimbo zangu na aini saba ya rafiki yangu, ya kusubiwa, ya kampuni nzuri, tukajiziba masikio kwa pamba na kupokezana, anayepiga akitazama mpira tu na mwenzake akimkabidhi fimbo. Mipira ishirini kila mtu, na kila mara akisie ni fimbo ipi. Mimi, niliyelia njiani kwa ajili ya ulaini huu, nilipatia kumi na mbili. Bila pamba nilipatia kumi na tisa. Wengi waliowahi kupima jambo hili kitaalamu wanasema vivyo hivyo: kiasi kikubwa cha kile tunachokiita hisia ya mkono ni mlio unaofika sikioni, na mlio unategemea umbo la kichwa na unene wake nyuma ya mpira kuliko jinsi chuma kilivyotengenezwa. Papai langu la asubuhi ile lilikuwa sikioni.

Je, najuta? Kidogo. Kwa sababu thamani ambayo haikuingia kwenye pamba ipo. Mlio sawa, uzito sawa, kila namba inamfuata mwenzake bila kuruka, na shingo inakuja kwako badala ya wewe kwenda kwake.

Shingo hizo zilikunjwa Nairobi hatimaye. Nilipanda basi hadi Mombasa, treni hadi Nairobi, nikalala kwa shangazi, nikamkuta fundi mwenye mashine ya chuma iliyofungwa sakafuni, yenye kipimo cha digrii. Kichwa kinabanwa, mkono wa shaba nyeupe unavishwa shingoni, fundi anavuta mara moja, anapima, anavuta tena robo. Dakika tatu kwa kila fimbo. Safari yote, fimbo na nauli na chakula, 11,000. Niliona aibu kidogo nikikumbuka bomba na gunia.

Yeye ndiye aliyegundua kwamba chuma laini kinakubali pia usichokiomba. Aini yangu nane na aini saba zilikuwa zinapeleka mpira umbali mmoja, nami nilidhani ni swingi, namna ninavyozungusha fimbo. Alipopima ulalo wa uso akakuta nane imesimama kwa digrii mbili zaidi ya inavyotakiwa. Uwanja wetu ukikauka wakati wa kaskazi ardhi inakuwa kama sakafu, na chini ya majani kuna mawe ya matumbawe. Ukigonga jiwe mara kadhaa, shingo inasogea kidogo kidogo bila kusema. Mwenye fimbo za kufuliwa azipime walau mara moja kwa mwaka, hasa akicheza kwenye ardhi yetu au kwenye mikeka migumu ya mazoezi.

Kutu ni hadithi fupi. Mwezi wa Ramadhani sikucheza. Mfuko ulikaa stoo na taulo bichi ndani, madirisha yanaangalia bahari. Sikukuu ilipofika, kila mahali kromu ilipokuwa imekwaruzwa na mawe palikuwa na madoa mekundu, na aini nne, iliyokuwa imechakaa zaidi, ilikuwa imebabuka kitako kizima. Chuma chenye kaboni hakina ulinzi wa ndani kama cha pua. Futa kwa kitambaa kikavu kabla hujatoka uwanjani, pakaza mafuta ya cherehani kidogo, na usizivike vile vifuniko vya sufi. Vinanyonya hewa ya chumvi na kuitunza.

Mwishoni nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzo. Niliuza zile nyembamba kwa 45,000 kwa kijana mwenye handikapu ya nne, isipokuwa aini nne iliyoliwa na kutu, ambayo hakuitaka. Nikanunua seti nyingine iliyotumika, 52,000, hapa hapa nchini, baada ya kupiga nayo mipira sitini mbele ya mwenyewe: ya kufuliwa, lakini mgongo umechimbwa na uzito umesogezwa pembeni, kuanzia aini sita hadi wedji. Huko juu, badala ya nne na tano, natia mbao ndogo mbili, yaani fimbo za kichwa kinene, sina uchungu. Sheria inaruhusu fimbo 14. Haisemi zote ziwe za kujionyesha. Fundi alizikunja digrii mbili. Leo niko 15.

Ile aini nne nilimpelekea Babu Kisumu Ndogo, safari hii bila kumwambia kitu. Aliigonga kwa kucha, akategea sikio, akacheka. Akaifunga kwenye jiliwa na kuikunja shingo mbele na nyuma kama ubua wa mtama. Kisha akaondoa kromu yote kwa kisagio, akakata shafti, akakitia kichwa kwenye makaa, mjukuu wake akavuta mvukuto. Niliketi kwenye kigoda kile kile. Kilitoka rangi ya embe, akakipiga, kikaenda kila alikotaka kiende, bila kelele, bila ufa.

Alitaka kunitengenezea kisu. Akakipiga msasa, akakichovya majini, akajaribu ukali wake kwenye ukucha wa dole gumba, akatikisa kichwa. "Kilaini mno. Hakishiki makali. Springi ya Land Rover ingekufaa." Kaboni haitoshi, ningemwambia, lakini alishajua kwa ukucha.

Basi akakirudisha motoni, akakipiga bapa, akakipinda na kukitia meno kwa tupa, na kikawa ulimi wa mbuzi ya kukunia nazi. Kiko jikoni kwa mama, kimepigiliwa kwenye kiti cha mwembe. Anakunia nazi za vitumbua kila alfajiri, na kila baada ya wiki mbili ananiita niende na tupa, maana meno yamelala tena.